Maswali Tunayoulizana Kila Siku Kuhusu Risasi, za Mtaani na za Ndani ya Nyumba

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Marekani, kazi yangu ni nesi msaidizi zamu ya usiku, na kwenye grupu letu la wasapu la Watanzania na Wakenya wa huku kila risasi ikilia mahali naulizwa mimi, eti kwa sababu nafanya hospitali. Nimechoka kujibu voisi moja moja saa tisa usiku so nimeandika yote kwa pamoja. Maswali ni yenu, nimeyaacha vile mlivyouliza.

Bunduki na ugonjwa wapi na wapi? Si ni uhalifu tu huo?

Ni uhalifu ndiyo, hamna anayebisha. Ila sikiliza hii. Kuna daktari wa Chicago anaitwa Gary Slutkin, huyu bwana alianza na kifua kikuu San Francisco, miaka ya themanini akaenda Somalia kwenye makambi ya wakimbizi kupambana na TB na kipindupindu, halafu akaingia Shirika la Afya Duniani akafanya kazi ya ukimwi na Uganda ikiwemo. Yani kwa maneno mengine shule yake kubwa kaisomea kwetu. Miaka ya tisini akarudi kwao akakuta vijana wanauana kila siku, akaanza kuangalia ramani na grafu za mauaji na akajikuta anaona kitu anachokijua, madoa yamejikusanya sehemu chache, tukio moja linazaa la pili, la pili linazaa la tatu, kama ramani za kipindupindu tu. Na kinachomtabiri mtu kufanya ukatili ni kwamba yeye mwenyewe kashafanyiwa au kashaona kwa macho yake.

Sasa fikiria kipindupindu kikiingia Manzese. Hatuanzi kwa kuwaweka rumande wanaoharisha. Tunamtafuta aliyeugua leo, tunauliza amekula na nani, maji kachota wapi, tunakata njia hapo, halafu taratibu tunabadilisha mazoea ya mtaa mzima, maji yachemshwe, mikono inawe. Hicho ndo Slutkin na wenzake wanachosema kifanywe na risasi. Mtu anayepiga anaweza kufungwa vilevile, jela haijafutwa na mtu, ila jela inakuja baada ya maiti na wao wanataka kufika kabla.

Kwani wanaokufa ni wangapi hasa?

Mwaka 2021 walikufa 48,830, nchi nzima, mwaka mmoja. 2023 ilishuka kidogo ikawa 46,728. Na tangu 2020 bunduki ndo inaongoza kuua watoto na vijana wa mwaka 1 mpaka 19, imezipita ajali za magari.

Ila kitu ambacho watu wengi wa nyumbani hawakijui, na hata mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilirudia kusoma, ni kwamba zaidi ya nusu ya hao wamejiua wenyewe. 2021 waliojiua kwa bunduki ni 26,328, waliouawa ni 20,958. Yale matukio ya shuleni na supamaketi ambayo mama ananipigia simu kutoka Morogoro kuniuliza kama niko salama ni sehemu ndogo sana ya hesabu yote. Yanatisha, sikatai, lakini ukiyaangalia hayo tu utajiandaa kwa adui ambaye sio yule aliyeko chumbani.

Hawa vijana wanauana kwa vitu vya kijinga, si ni malezi mabovu?

Malezi yana sehemu yake ila hesabu inasema kitu kingine. Kuna mwanasosholojia Andrew Papachristos na wenzake walichukua rekodi za Chicago wakaangalia nani alikamatwa pamoja na nani, wakachora mtandao. Wakakuta asilimia 70 ya majeruhi wa risasi ambao hawakufa wametoka kwenye mitandao ya watu ambao hawafiki hata asilimia 6 ya wakazi wa jiji. Maana yake sio "vijana weusi", sio "mtaa mbovu" mzima, ni kikundi kidogo cha watu wanaojuana, na ukikaa karibu na aliyepigwa na wewe zamu yako inakaribia. Kwa hiyo mkisema "vijana wa huku" mnawatukana watu elfu kwa ajili ya watu hamsini.

Halafu hilo la vitu vya kijinga. Chicago hiyohiyo kuna programu ya wavulana wa sekondari inaitwa Becoming a Man, somo la kwanza ni mchezo. Wanawekwa wawili wawili, mmoja anapewa mpira anaukumbatia kiganjani, mwenzake anaambiwa una sekunde 30 uutoe. Hapo unaona wenyewe, kukunjana vidole, kuvutana, kubanana shingo, mpaka wengine wanaanguka chini. Muda ukiisha mwalimu anawauliza, kuna aliyemwomba mwenzake? Kimya. Wanajibu angeniona boya. Basi anamgeukia yule mwenye mpira, ungeombwa vizuri ungetoa? Naye anasema ningetoa, ni mpira tu. Wamefanyiwa utafiti wa bahati nasibu, wengine wakaingia wengine wakabaki nje, na walioingia kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulishuka karibu nusu kipindi wako kwenye programu. Kwa sababu ya kufundishwa kutulia sekunde kumi!

Hao wapatanishi wa mtaani ni akina nani na wanafanya nini?

Slutkin alianzisha mradi wake West Garfield Park, Chicago, mwaka 2000, ukaitwa CeaseFire, siku hizi unajulikana kama Cure Violence na umeigwa miji mingi. Wapatanishi wenyewe ni watu wa palepale mtaani, wengi walishakuwa kwenye magenge, wengine walishafungwa miaka, na ndo sababu wanasikilizwa. Mimi nikienda na koti langu la hospitali nikamwambia kijana tulia mdogo wangu ataniangalia kama nimepotea njia.

Kazi inaendaje. Kijana kadhalilishwa kwenye video, mtu kamcheka, watu wameshea, na jioni kuna mtu kashamwambia "utaacha hivihivi?". Mpatanishi anasikia, kwa binamu, kwa kinyozi, kwa bibi yake yule kijana. Anafika hana hotuba. Anamwambia twende tukale. Wanakaa kwenye gari wanakula kuku, anamwacha aongee atukane alie, anamuuliza mama yako anajua? mtoto wako ana miezi mingapi? wakati huohuo mwenzake yuko upande wa pili anafanya vilevile kwa yule aliyecheka. Anachonunua pale ni masaa. Hasira ya saa mbili usiku sio hasira ya saa nne asubuhi, hilo kila mtu aliyewahi kuoa au kuolewa analijua. Baada ya hapo anarudi kesho, keshokutwa, anamtafutia kibarua, leseni, ushauri nasaha, mahali pa kulala kama kwao hakukaliki.

Sheria moja kubwa: hawapeleki majina polisi. Wakipeleka mara moja tu kazi imekufa.

Kwa hiyo kodi zetu zinawalipa wahuni?

Wahuni wastaafu ndiyo. Nyie mbona mnapopata mgogoro wa shamba mnamtafuta mjomba ambaye kila mtu anajua alishapigana mapanga zamani?

Na polisi wako wapi kwenye hii picha?

Inategemea mji. Boston walifanya kitu tofauti mwaka 1996, Operation Ceasefire, polisi, wachungaji na watu wa ustawi wa jamii wakaita vikundi vya vijana kikao cha uso kwa uso wakawaambia mambo mawili kwa pamoja: tunawapenda, kazi na shule hizi hapa, na risasi ikilia kutoka kundi lenu tunakuja kwenye kundi zima. Wachungaji walikuwa muhimu sana, walikuwa wanatembea mitaani usiku. Mauaji ya vijana yakashuka kwa asilimia 63. Baadaye watu walilegea, viongozi wakabadilika, na namba zikapanda tena. Hapo ndo mi huwa nakasirika, chanjo mnachoma mwaka mmoja mnaacha halafu mnashangaa surua imerudi.

Dada tuambie ukweli, inafanya kazi au ni miradi ya kula hela?

Sehemu inafanya, sehemu haifanyi, na anayekwambia inafanya kila mahali anataka hela. New York walipima mitaa miwili, majeruhi wa risasi walishuka kwa asilimia 50 East New York na 37 South Bronx, na East New York ndiko tofauti na mtaa wa kulinganisha ilionekana zaidi. Baltimore wanaita Safe Streets, walianza 2007, mtaa mmoja umefanya vizuri mwingine haukutikisika. Pittsburgh walikuwa na mradi unaofanana, watafiti wakakuta mauaji hayakupungua na mashambulizi ya bunduki yaliongezeka.

Ukisoma vizuri unaona tofauti iko kwenye vitu vya kawaida kabisa. Wapatanishi wamelipwa kwa wakati au wamekaa miezi bila mshahara? Wanapewa mapumziko na mtu wa kuongea naye? Maana hao watu wanazika marafiki kila mwezi halafu wanarudi kazini kesho. Wamechaguliwa kwa sababu wanaheshimika au kwa sababu ni ndugu wa diwani? Haya hatuhitaji profesa atueleze.

Hospitali zinaingiaje?

Hili naliona kwa macho yangu. Kijana analetwa emajensi, anashonwa, anapewa dawa za maumivu na karatasi, anaondoka. Kwenye korido marafiki zake wanne wamesimama, hawakai, hata ukiwaambia kuna viti. Simu moja inazunguka kati yao. Huhitaji kusikia wanachosema.

Usiku kama huo ndo njia ya ugonjwa iko wazi, na ndo usiku ambao mtu aliyelala kitandani anasikiliza kuliko siku nyingine yoyote. Oakland waligundua hilo mapema, mwaka 1994, wazo lilitoka kwa kijana ambaye mwenyewe alipigwa risasi akabaki kwenye kiti cha magurudumu, akaanza kwenda kuwatembelea waliopigwa wakiwa bado wodini. Anaingia na kiti chake, anakaa pembeni ya kitanda, na hapo hamna wa kumwambia "wewe hujui". Sasa hospitali nyingi zina watu wa aina hiyo, nesi akishaona jeraha la risasi anawaita, wanaongea na mgonjwa na pia wanashuka chini kwa wale wanne wa korido, halafu wanamfuata mpaka nyumbani miezi kadhaa, bima, vidonda, kazi, kuhama mtaa ikibidi. Zamu moja nilimwona mmoja wao akimkata kucha mgonjwa ambaye mikono yote ilikuwa na bandeji. Hajasema neno la amani hata moja, kakata kucha tu wanaongelea mpira wa kikapu.

Nimesikia eti ukipanda nyasi risasi zinapungua. Hiyo nayo!

Cheka lakini ni kweli. Philadelphia ina viwanja vingi vilivyotelekezwa, majani yamepanda, matairi, magodoro. Walichagua 541 kwa bahati nasibu, vingine wakavisafisha, wakapanda nyasi na miti michache wakazungusha uzio mfupi wa mbao, vingine wakaviacha vilevile. Kwenye mitaa maskini zaidi matukio ya bunduki karibu na viwanja vilivyosafishwa yalipungua kwa asilimia 29. Sababu moja ni ya kawaida sana, kwenye pori la taka watu wanaficha bunduki, hawataki kukamatwa nayo mfukoni so inakaa chini ya tairi ikisubiri. Ukikata majani hamna pa kuficha, na mabibi wanatoa viti wanakaa nje. Bibi akikaa nje mtaa una macho.

Mume wangu amenunua bastola ya kujilinda, nimkataze au nimwache?

Mwache na sheria zake lakini ongea naye. Mwaka 1993 ulitoka utafiti uliojulikana sana, nyumba yenye bunduki uwezekano wa mtu kuuawa mle ndani ulikuwa kama mara 2.7 ukilinganisha na isiyo nayo, na muuaji mara nyingi ni mtu wa familia au mnayejuana. Jambazi unayemuwaza ni nadra, mtoto wa miaka minne anayepekua droo ya mama ni kila siku.

Kama ibaki basi ifungwe, risasi zitolewe ziwekwe kwingine zifungwe pia. Usinambie iko juu ya kabati. Mi nilikuwa nakula maandazi ya mama yangu yaliyokuwa juu ya kabati nikiwa na miaka mitano. Kuna kufuli la kebo, waya mnene uliofunikwa plastiki, unapita ndani ya bunduki ikiwa haina risasi na kufungwa kwa ufunguo, haiwezi kufyatua hata kama mtoto ameishika. Vituo vingi vya polisi wanatoa bure, unaingia unasema naomba kufuli la bunduki, hawakuulizi makaratasi wala bunduki yenyewe usiende nayo! Na funguo zisining'inie jikoni kwenye zile za gari.

Mtu akishaamua kujiua si atatafuta njia nyingine tu?

Hapana, na hili naomba mlisome taratibu. Houston waliwauliza vijana walionusurika, kati ya kuamua na kutenda ilipita muda gani, karibu robo walisema haikufika dakika tano. Ni wimbi, linapanda linashuka. Na walionusurika wengi sana, tisa kati ya kumi, hawafi kwa kujiua baadaye. Shida ya bunduki ni kwamba haitoi nafasi ya kujuta, wanaoitumia karibu tisa kati ya kumi wanakufa. Vidonge, wengi mno wanafika hospitali wakiwa hai, mi nimewakalia pembeni ya kitanda hao, asubuhi wanaomba chai.

Sri Lanka walipopiga marufuku dawa za shambani kali zaidi idadi ya waliojiua nchi nzima ilishuka sana, watu hawakuhamia wote kwenye njia nyingine. Kwa hiyo kuweka umbali kidogo kati ya mtu na kitu cha kumwua kunaokoa kweli.

Na wenye maduka ya bunduki wenyewe wameshaelewa. New Hampshire mwaka 2009 watu watatu ndani ya wiki moja walinunua bunduki duka moja wakajiua, mwenye duka akaumia sana, akakaa na watu wa afya wakaanza kufundisha wauzaji dalili za kuangalia, mteja ambaye hajali bunduki aina gani, anaulizia risasi chache tu, ana huzuni. Unamwambia leo hatuuzi, njoo siku nyingine. Hamna sheria mpya hapo, hamna maandamano, ni muuza duka na roho yake.

Mtoto kaalikwa kulala kwa rafiki yake, naulizaje kama wana bunduki bila kuonekana mshamba?

Hapa Waswahili tunakufa na aibu. Kuuliza mambo ya ndani ya nyumba ya mtu, toba! Mimi nachanganya na mengine, natuma meseji: "Habari mama fulani, mtoto ana aleji ya karanga, anaogopa mbwa kidogo, na mi huwa nauliza kila nyumba, kama kuna bunduki imefungiwa? Asante kwa kumkaribisha." Hilo la "kila nyumba" ndo linaondoa sumu. Katika miaka yote mmoja tu ndo alinuna. Wa pili alinijibu baada ya dakika ishirini, ahsante umenikumbusha, nilikuwa sijafunga.

Mbona haya hatukuyasikia zamani?

Kwa sababu ya hela. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliweka kipengele kwenye bajeti ya taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, kwamba pesa isitumike kupigia debe udhibiti wa bunduki, na wakakata kiasi kilekile ambacho CDC ilikuwa inatumia kwenye utafiti wa bunduki. Watafiti wakaogopa, zaidi ya miaka ishirini ikapita hivihivi mpaka bajeti ya 2020 ilipowapa dola milioni 25, kwa CDC na taasisi za utafiti wa afya. 2022 ikapita sheria kubwa ikatenga dola milioni 250 kwa kazi za mitaani, na Juni 2024 daktari mkuu wa serikali Vivek Murthy akatangaza rasmi kwamba hili ni janga la afya ya umma. Aprili 2025 Wizara ya Sheria ikafuta misaada mingi kwa mkupuo na miradi ya wapatanishi ikaguswa. Hapo mtajua kwa nini mshahara wa mpatanishi unachelewa.

Mbona mnajifanya Wazungu ndo wamegundua, kwetu hamna?

Kwetu kuna, na mapema. Wajir, Kenya, miaka ya 1992 na 1993 koo zilikuwa zinamalizana na bunduki zilikuwa zimejaa kutoka vita vya Somalia. Dekha Ibrahim Abdi alikuwa mama mdogo, usiku mmoja risasi zikalia akaingia chini ya kitanda na mtoto wake, na mama yake akamwambia hata wewe ulipokuwa mtoto nilikuficha hivihivi. Akakaa na wanawake wenzake wa koo tofauti, na walianza wapi? Sokoni. Wakaweka utaratibu kwamba mwanamke yeyote wa ukoo wowote auze na anunue, na wao wenyewe wakasimama kuangalia. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, wazee wakatoa azimio la Al-Fatah 1993, wakaunda na timu ya kukimbilia tukio kabla halijaleta kisasi. Ndo wapatanishi haohao, miaka saba kabla ya West Garfield Park, bila vishikwambi. Serikali ya Kenya baadaye ikaiga hizo kamati za amani kwenye wilaya nyingine. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood 2007, akafariki 2011 kwa ajali ya gari, Mungu amrehemu.

Mdogo wangu kabadilika, haongei, anagawa vitu vyake, na najua ana bunduki. Nafanyaje leo?

Leo hiihii, usisubiri Jumapili. Muulize kwa maneno wazi, "unafikiria kujiua?", kumuuliza hakumpi wazo, kunampa mlango. Halafu bunduki itoke ndani kwa muda, kwa ndugu anayeruhusiwa kuwa nayo, kwenye duka la bunduki au kituo cha polisi ambacho kinapokea kwa kuhifadhi, piga simu kwanza uulize taratibu za jimbo lenu. Usiseme "nakunyang'anya", sema "nakushikia mpaka upate usingizi vizuri", wenye bunduki wanaelewana hivyo wenyewe kwa wenyewe kama mtu anavyoshikiwa funguo za gari akiwa amelewa. Akikataa na hali ni mbaya majimbo zaidi ya 20 yana amri ya mahakama ya kuiondoa kwa muda, Connecticut ndo ilianza 1999.

Namba ni 988, simu au meseji, saa zote, bure. Ukipiga simu akishindwa kujieleza kwa Kiingereza omba mkalimani, sema "Swahili" tu, subiri usikate, muziki ule wa kusubiri ni wa kawaida. Na ukae naye. Mpikie kitu.